Kiwanja Kinachoishia Mtoni: Mthamini Aanzie Wapi, Asimame Wapi

Ukiacha Westlands na kufuata Waiyaki Way kuelekea Kikuyu, ardhi hujikunja ikawa migongo na mabonde. Barabara, maduka na nyumba za kupanga hukaa juu. Chini hupita vijito vinavyoteremka kuelekea mashariki, na mkubwa wao, Mto Nairobi, huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu. Mtaa wa Mountain View, jirani ya Kangemi, uko katika nchi hiyo ya migongo. Ploti ya juu, hamsini kwa mia, yenye lango barabarani, haimsumbui mthamini, kwa kuwa zilizouzwa kando yake ni nyingi. Inayosumbua ni ile ya mteremkoni, ndefu, yenye miti mikubwa, ambayo hatimiliki yake inasema nusu ekari na ambayo bikoni zake mbili za nyuma zimefichwa na vichaka vya ukingo wa kijito.

Nawaandikia wathamini watakaoitwa kuitia thamani ploti ya namna hiyo, hasa waliosajiliwa juzijuzi, na wenye mali wanaotaka kujua ada wanayolipa inapaswa kuwanunulia nini. Kazi hii humfaa mthamini anayejua leseni yake inaishia wapi, kisha akakiingiza kikomo hicho ndani ya hesabu yenyewe. Kukizika katika maandishi madogo ya ukurasa wa mwisho hakumsaidii mtu.

Leseni inakuruhusu nini

Sheria ya Wathamini, Sura ya 532 ya sheria za Kenya, inampa kazi ya kuthamini mtu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini. Dalali wa nyumba ana sheria yake, Sura ya 533, na bodi yake. Anaweza kukwambia ploti za bondeni zinauzwaje, na umsikilize kwa makini, lakini namba yake haiwezi kuingia kwenye ripoti kama thamani. Mpimaji ardhi naye ana sheria yake, Sura ya 299. Yeye ndiye mwenye mamlaka ya kusema bikoni iko hapa na si pale. Mhandisi ndiye atakayesema ukuta wa kuzuia udongo utasimama au utaanguka. Mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ndiye atakayesema ujenzi utaudhuru mto kiasi gani, na wakili ndiye atakayesema hatimiliki ilizaliwa kwa njia halali.

Ploti ya kawaida hukuwezesha kufanya kazi bila kuwaita watu hawa wote, kwa sababu majibu yao yanajulikana au hayaigusi bei sana. Ploti ya mtoni haikupi nafasi hiyo. Kila mmoja wao ameshika kipande cha thamani, na kishawishi cha mthamini ni kuvijaza vipande vyote peke yake: kupima umbali wa mto kwa simu, kuutazama ukuta na kuandika ni imara, kuisoma hatimiliki na kuandika ni safi. Hapo ndipo leseni inapovukwa, na mara nyingi anayeivuka wala hana nia mbaya. Anataka tu kumsaidia mteja.

Marekani wamejaribu kulitatua hili kwa kugawa leseni madaraja. Mthamini wa ngazi ya leseni ya makazi anaruhusiwa nyumba ya familia moja hadi nne ikiwa muamala hauvuki dola 1,000,000, lakini mali ikiwa tata, kiwango kinashuka hadi dola 400,000. Nyumba ya ajabu iliyo ukingoni mwa maji, isiyo na mfano wake sokoni, ni mali tata kwa kila kipimo. Kenya haina madaraja ya namna hiyo. Ukishasajiliwa, hakuna karatasi inayokukataza kuthamini hoteli ya Diani asubuhi na shamba la maua la Naivasha jioni. Ndiyo maana kujipima kumeachiwa dhamiri yako na viwango vya taaluma. Viwango vya Kimataifa vya Uthamini vinamtaka mthamini awe na ujuzi wa kazi aliyoikubali, na akipungukiwa atafute msaada wa mwenye ujuzi au aikatae. Mpaka wa nchi nao ni kikomo. Ukipata mteja wa Mountain View mwenye kiwanja cha ufukweni Tanga, kumbuka kwamba Tanzania ina Sheria yake ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016, na usajili wa Nairobi hauvuki Lunga Lunga.

Mstari ambao si wako kuuchora

Thamani ya ploti ya mtoni inategemea mstari mmoja: pale ardhi ya kujengwa inapokoma na hifadhi ya mto inapoanza. Mteja atakuuliza ni mita ngapi, na ndipo mambo yanapokuwa magumu, kwa sababu Kenya ina majibu mengi. Kanuni za rasilimali za maji zilizotolewa 2007 ziliweka upana wa mita 6 kwa uchache, au upana kamili wa mto wenyewe, hadi kikomo cha mita 30 kila upande, kuanzia juu ya ukingo. Kanuni za kilimo za 1965 zilikuwa zimeanzia mita 2. Wapangaji wa miji wamezoea kutumia mita 10. Kanuni za upimaji zinahifadhi mita 30 juu ya alama ya maji kujaa, lakini hizo ni za mito ambayo maji ya bahari hupanda na kushuka ndani yake. Na wakati wa mafuriko ya 2024, serikali iliwaamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mito ya Nairobi wahame.

Tazama maana yake kwa fedha. Chukua ploti ya mita 40 kwa 50, yaani mita za mraba 2,000, karibu nusu ekari, ambayo upande wake wa mita 40 ndio unaogusa kijito. Hifadhi ikiwa mita 6, zinakwenda mita za mraba 240, asilimia 12. Ikiwa mita 10, zinakwenda 400, asilimia 20. Ikiwa mita 30, zinakwenda 1,200, asilimia 60, na mwenye mali anabaki na mita 800 za kujenga. Hatimiliki haijabadilika hata herufi moja. Mthamini anayechagua mojawapo ya namba hizi kwa sababu ndiyo aliyoizoea amefanya uamuzi wa asilimia 48 ya eneo bila mamlaka yoyote.

Kwa hiyo usichague. Mwombe mteja aandike kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, ofisi ya bonde la Athi, maofisa wake wafike, waamue upana na kuweka vigingi. Mpimaji mwenye leseni avipime vigingi hivyo na kuviunganisha na bikoni za ploti kwenye mchoro mmoja uliotiwa sahihi. Mchoro huo ndio utakaokupa eneo la juu na eneo la chini. Mteja atalalamika kuhusu muda na gharama. Mwoneshe hesabu ya asilimia 12 na 60, kisha umwachie aamue.

Kuna jambo hapa ambalo hata wathamini wazoefu hulichanganya. Kwa kanuni za maji, ardhi ya ukingo inaweza kubaki mali ya mwenye hatimiliki, huku matumizi yake yakiwekewa masharti: haijengwi jengo la kudumu, hailimwi, haichimbwi udongo wala mawe, haikatwi miti ya asili, haimwagwi taka. Mto wenyewe ni kitu kingine. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaiweka mito na maziwa katika ardhi ya umma. Basi kuna sehemu tatu katika ploti yako: ya juu inayojengwa, ya ukingo inayomilikiwa lakini imefungwa mikono, na ya maji yenyewe, ambayo haina bei katika ripoti yako hata kama mchoro wa zamani unapitisha mpaka katikati ya kijito. Mto nao huhama. Mpaka unaofuata ukingo unaweza kuwa umesogea tangu mchoro ulipochorwa, na kusema umesogea wapi ni kazi ya mpimaji.

Karatasi kabla ya viatu

Kabla hujashuka bondeni, pata utafutaji rasmi wa ardhi. Nairobi hupitia Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021. Linganisha eneo lililo kwenye hatimiliki na lililo kwenye mchoro wa upimaji. Angalia kama ploti imegawanywa kutoka shamba kubwa zaidi, kwa sababu wakati wa kugawa ndipo maeneo ya wazi na kingo za mito hutengwa kwa matumizi ya umma, na ndipo baadhi yake hurudi sokoni kwa mlango wa nyuma.

Hili la mwisho lina uzito mpya tangu tarehe 21 Aprili 2023. Siku hiyo Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja kilikuwa Nyali, ufukweni, na kilikuwa kimetolewa mara ya kwanza 1989 kwa Rais Daniel arap Moi, kikauzwa, kikauzwa tena, hadi kampuni hiyo ikakishika kwa hatimiliki iliyosajiliwa. Mwaka 2017 kaunti ilibomoa ukuta wake ili kufungua njia ya umma ya kwenda pwani. Mahakama ilisema kwamba kilikuwa eneo la wazi la umma, kwamba utoaji wake wa kwanza haukufuata sheria, na kwamba mnunuzi wa baadaye hawezi kujificha nyuma ya usajili ikiwa mzizi wa hatimiliki umeoza. Katika ripoti zetu tumezoea kuandika kwamba tumechukulia hatimiliki ni halali. Sentensi hiyo bado ni halali kwa mthamini, kwa kuwa kuchimba mzizi ni kazi ya wakili. Lakini kwa ploti iliyo kando ya maji, mteja aambiwe wazi kwamba dhana hiyo imebeba mzigo mkubwa na kwamba inafaa wakili aichunguze hatimiliki hadi utoaji wa kwanza kabla fedha hazijatoka.

Tafuta pia ramani ya maji taka. Mabomba makuu ya maji taka ya Nairobi hufuata mabonde ya mito, kwa sababu maji taka, kama maji mengine, hutaka kuteremka. Bomba hilo likipita chini ya ploti, lina ukanda wake usiojengwa, na ukanda huo unaweza kuwa nje ya hifadhi ya mto, juu zaidi mteremkoni, ukamega sehemu uliyodhani imesalimika. Nimeona ploti nzuri ambazo mto ulizidai kidogo kuliko bomba. Ukiona shimo la zege lenye mfuniko wa chuma limesimama kama kisima katikati ya migomba, usipite tu. Liandike, lipige picha, na uulize kampuni ya maji ya jiji linaunganishwa na nini.

Ukishuka bondeni

Nenda mara moja wakati wa kiangazi na mara nyingine katika msimu wa mvua, Aprili au Novemba, ikiwa ratiba inaruhusu. Ukiweza siku moja tu, iwe ya mvua au ya kesho yake. Kijito ambacho Februari unakiruka kwa hatua moja hubeba mapipa Aprili. Mstari wa mafuriko huachwa umeandikwa: mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye matawi, tope lililokauka ukutani, nyasi zilizolala zote upande mmoja, mizizi iliyooshwa. Pima urefu wake kutoka usawa wa maji na upige picha yenye kitu cha kulinganisha. Hapo unaandika ulichokiona kwa macho. Hutabiri mafuriko, maana huo ni utaalamu wa mwanahaidrolojia.

Zungumza na watu. Askari wa lango, mama mboga wa njia panda na mzee aliyeishi ng'ambo ya kijito tangu kahawa ilipokuwa kahawa wanajua maji yalifika wapi. Salimia kwanza, ukae, usiwe na haraka. Swali la "Mzee, shikamoo, mwaka ule wa mvua nyingi maji yalipanda hadi wapi?" hujibiwa kwa kidole kinachoonesha jiwe au ngazi. Swali la "Je, hapa hufurika?" hujibiwa "hapana" na mtu anayedhani ukisema hufurika nyumba yake itabomolewa.

Tazama udongo. Sehemu hizi za magharibi zina udongo mwekundu wenye kina, unaobeba nyumba vizuri, lakini ukikatwa wima na kuachwa bila mifereji, mvua huushusha. Jirani aliyejaza kifusi kusogeza bustani yake mbele amelisukuma tatizo upande wa pili wa kijito, na upande wa pili unaweza kuwa wa mteja wako. Kifusi ndani ya ploti yenyewe ni alama nyekundu: eneo linaloonekana tambarare na pana huenda ni ukingo uliofukiwa, na picha za zamani za satelaiti, zinazopatikana bure mtandaoni, zitakuonesha kilichokuwapo kabla ya malori. Ukikuta hivyo, ripoti iseme. Usiithamini ardhi iliyotengenezwa kwa kifusi kama ardhi ya kujengwa.

Na uisikie harufu. Wenzetu wa pwani na wa Naivasha wana maji yanayopandisha bei. Mtu hulipa zaidi aione bahari kutoka kitandani. Nairobi, kijito kinaweza kufanya lolote kati ya mawili. Katika sehemu za juu zenye miti, kama baadhi ya mabonde ya Loresho na Kitisuru, mnunuzi hulipia kivuli, ndege na jirani asiyejenga nyuma yake. Kilomita chache mbele, mfumo uleule wa vijito umepokea maji machafu ya mitaa isiyo na mabomba, na mnunuzi huyohuyo anataka apunguziwe. Kusema tu "ploti iko mtoni" hakumwambii msomaji wa ripoti chochote. Eleza ni kijito kipi, katika hali gani, mwezi gani ulipokiona.

Hesabu

Kasoro kubwa katika ripoti za ploti za mtoni ni kupunguza mara mbili. Mthamini anapata mauzo matatu ya mgongoni, anaona ploti yake ni ya bondeni, anaondoa eneo la hifadhi, kisha kwa kujihami anapunguza tena asilimia fulani "kwa sababu ya mto". Au anapata mauzo ya ploti nyingine ya mtoni, ambayo bei yake tayari imeshauma hasara, kisha anaondoa hifadhi juu yake. Chagua njia moja uieleze.

Njia ninayoipendelea ni ya kugawa. Tuseme vipimo vya WRA na mpimaji vimekupa mita za mraba 1,600 za juu na 400 za ukingo. Sehemu ya juu ilinganishe na ploti za mgongoni za ukubwa unaokaribiana, ukirekebisha kwa mteremko, umbo na njia ya kuingilia. Kwa mfano wa mkono, bei ya mgongoni baada ya marekebisho ikiwa 100 kwa mita, sehemu ya juu ni 160,000. Ukingo usiupe sifuri kwa mazoea. Ni bustani inayomilikiwa, ni kivuli, ni faragha. Jiulize mnunuzi wa mtaa huo angetoa nini kwa bustani isiyojengeka. Ukipata ushahidi wa 15 kwa mita, ni 6,000, na jumla ni 166,000. Kisha rudi nyuma uitazame namba nzima: je, kuna mauzo yoyote ya bondeni, hata ya miaka kadhaa nyuma, hata ya kijito kingine, yanayokaribiana nayo? Mauzo hayo ya bondeni ni ya kuhakikishia, usiyatumie kujenga hesabu upya.

Ushahidi wenyewe ni adimu. Bei zinazoandikwa kwenye hati za kuhamisha si zote zinazotoka mfukoni kweli, na mabango ya "ploti inauzwa" ni matumaini ya muuzaji. Wapigie wathamini wenzako. Ndani ya Taasisi ya Wapimaji ya Kenya, ISK, wapo waliothamini bonde lilelile kwa benki nyingine, na bila kuvunja siri ya mteja wanaweza kukwambia soko limelala wapi. Kumshirikisha mwenzako mzoefu na kumtaja kwenye ripoti ni jambo la heshima kabisa.

Jengo likiwa limeshasimama ndani ya hifadhi, usilipe thamani ya jengo. Agosti 2018, Ukay Centre ya Westlands, safari fupi ya matatu kutoka Mountain View, ilibomolewa kwa kuwa kwenye hifadhi ya mto, na kabla yake South End Mall ya Lang'ata Road na kituo cha mafuta cha Kileleshwa. Yalikuwa majengo yenye wapangaji na biashara zinazoendelea. Mapato ya kodi ya jengo la namna hiyo si ya kudumu. Kama mteja ana karatasi zinazoonesha uhalali, wakili azipitie. Na kama hazipo, liandike jengo katika maelezo na ueleze kwa nini halimo kwenye thamani. Gharama ya kulijenga upya, ambayo kampuni ya bima huihitaji, ni namba nyingine ya kazi nyingine. Isikae kwenye ukurasa mmoja na thamani ya soko.

Benki itataka pia thamani ya mauzo ya lazima. Wengi huandika asilimia 75 ya thamani ya soko, kwa sababu kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinamtia mashakani mdai anayeuza kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi. Lakini kifungu hicho kiliwekwa kumlinda mwenye deni asiuziwe mali kwa bei ya kutupa. Hakisemi kwamba kila mali itauzika kwa robotatu. Ploti ya bondeni yenye vigingi vya WRA ina wanunuzi wachache, na mnada hauwaongezi. Eleza muda unaodhani itachukua kuuzika, na sababu zako.

Sentensi ambazo mteja hazipendi

"Bosi, benki inataka tu namba." Utaambiwa hivyo, na mara nyingi na mtu mwema mwenye shida ya kweli ya mkopo. Mjibu kwa upole kwamba namba anayo, ila imesimama juu ya masharti, na masharti ndiyo yatakayomlinda siku benki itakaporudi na maswali.

Masharti hayo yaandikwe kabla ya kazi, katika barua ya makubaliano: nini kitathaminiwa, kwa ajili ya nani, kwa tarehe gani, na nini hakimo. Katika ripoti, yaweke kando ya namba, ukurasa uleule. Mfano: "Thamani hii imechukulia kwamba hifadhi ya mto ni mita 10 kama ilivyowekewa vigingi na WRA na kuoneshwa kwenye mchoro wa mpimaji uliotajwa. Upana ukibadilishwa na mamlaka, thamani itabadilika na ripoti hii isitumike." Kama vigingi bado havijawekwa na mteja amekataa kusubiri, toa namba mbili au tatu kwa dhana maalum zilizotajwa waziwazi, ya mita 6, ya mita 10, ya mita 30, na useme hakuna hata moja kati yake iliyo thamani ya soko hadi mamlaka iamue. Mkopeshaji makini ataomba vigingi. Asiyeomba amepewa taarifa.

Pia usiandike kwamba jengo ni imara, kwamba mto hautafurika, kwamba hakuna uchafuzi, kwamba mwenye ploti ana haki ya kuvuta maji ya kijito kwa pampu. Maji yanahitaji kibali cha WRA, na muuzaji akikitaja kama sababu ya kupandisha bei, omba kukiona na usome kiliandikwa kwa jina la nani na kinaisha lini.

Kuna kazi za kukataa. Mteja anayetaka uthamini bila kuzitembelea bikoni. Anayekuletea mchoro usio na sahihi. Anayesema ukingo tayari "umepangwa" na mtu ofisini. Na ile ambayo ni halali kabisa lakini imezidi ujuzi wako: tuseme shamba la Naivasha ambalo hatimiliki yake inaishia kwenye mstari wa usawa wa futi 6,210, huku mwenye shamba akitumia ardhi iliyo chini ya mstari huo kwa mujibu wa makubaliano ya 1933, na ziwa likipanda na kushuka juu yake. Mwaka 2020 ziwa hilo liliingia mtaa wa Kihoto, na Baringo maji yalizifunika hoteli zilizokuwa ukingoni. Kama hujawahi kuthamini ardhi ya ziwani, mpeleke mteja kwa anayeijua, au omba mfanye pamoja, naye awe wa kwanza kutia sahihi.

Ripoti ikishatoka, weka kwenye jalada lako kila kitu: picha zenye tarehe, barua ya WRA, mchoro wa mpimaji, majina ya ofisi ulizoziuliza na majibu yao, na maneno ya majirani kama walivyoyasema. Andika pia tarehe ambayo thamani haitategemewa tena. Kwa ploti ya mgongoni benki nyingi hazioni shida kuitumia ripoti miezi mingi baadaye. Kwa ploti ya bondeni, msimu mmoja wa masika ukipita, rudi ukaangalie vigingi kama bado vipo, na kama ukingo haujamegeka, ndipo uirudie sahihi yako.